Chakula kifuate mazoezi: kujiandaa kwa nusu marathoni katika wiki 12

Wakimbiaji wengi wanaokwama hawakwami kwa uvivu. Wanakwama kwa sababu siku zao zote zinafanana: mwendo ni ule ule wa kati, sahani ni ile ile, na siku ya kazi ngumu hulishwa sawa na siku ya kupumzika. Mwili hupata uwezo mpya unapobebeshwa mzigo unaozidi kidogo ule uliouzoea, kisha ukapata chakula na usingizi wa kuujibu mzigo huo. Mazoezi na lishe ni kazi moja, na zinapaswa kupangwa kwenye karatasi moja.

Mwongozo huu unamhusu mtu mzima mwenye afya ambaye tayari hukimbia mara 3 au 4 kwa wiki, anaweza kwenda dakika 40 bila kusimama, na ana wiki 12 kabla ya kilomita 21.1. Hesabu zote za mfano ni za mkimbiaji wa kilo 60. Weka uzito wako mahali pake. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au moyo, au mjamzito, azungumze na daktari wake kwanza, kwa sababu baadhi ya viwango vilivyomo humu havimfai.

Nguvu ya kukimbia inatoka wapi

Misuli huhifadhi wanga kwa umbo la glikojeni, takriban gramu 300 hadi 500 kulingana na ukubwa wa mtu na mazoezi yake. Ini hubeba kama gramu 80 hadi 100 nyingine. Kila gramu hutoa kilokalori 4, kwa hiyo akiba yote ni kati ya kilokalori 1,500 na 2,400. Kukimbia hugharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 atatumia basi kama kilokalori 1,270 kumaliza nusu marathoni, na sehemu ya hizo itatoka kwenye mafuta.

Hesabu hiyo inaonyesha jambo ambalo wengi hawalitazami. Akiba iliyojaa inatosha kilomita 21. Anayeishiwa nguvu kilomita ya 16 mara nyingi ameanza mbio akiba ikiwa nusu, au ameanza kwa mwendo unaokula wanga haraka mno, au vyote viwili. Tena glikojeni ya msuli mmoja haihamii msuli mwingine. Iliyoko mikononi na mabegani haitaifikia miguu hata ya miguuni ikiisha kabisa, kwa hiyo akiba halisi ya mkimbiaji ni ndogo kuliko jumla hiyo.

Mafuta ya mwilini ni mengi hata kwa mtu mwembamba, lakini hutoa nguvu polepole na hudai oksijeni zaidi kwa kiasi kile kile cha nishati. Kadiri mwendo unavyopanda, mwili huegemea wanga. Ndiyo maana mtu anayekwepa wanga anaweza kutembea siku nzima bila shida na bado akashindwa kushikilia mwendo wa mashindano.

Mwaka 1966 Jonas Bergström na Eric Hultman wa Sweden walifanya jaribio lililobaki kuwa msingi wa elimu hii. Walikanyaga baiskeli moja, kila mmoja kwa mguu mmoja tu, mpaka mguu huo ukachoka kabisa. Kisha wakala chakula chenye wanga mwingi kwa siku tatu huku wakipima glikojeni kwa vipande vidogo vya msuli. Mguu uliofanya kazi ulijaza akiba mpaka takriban mara mbili ya ule uliopumzika. Chakula kilikuwa kimoja na damu ilikuwa moja; tofauti ilikuwa kazi iliyotangulia. Wanga hujaa vizuri zaidi pale mazoezi yalipopita.

Wiki ya mazoezi

Wiki ya 5 ya programu inaweza kuwa hivi. Jumanne: dakika 15 za kupasha mwili joto, vipande 5 vya dakika 3 kwa mwendo mkali, dakika 2 za kukimbia taratibu kati ya kipande na kipande, kisha dakika 10 za kupoa. Jumatano: dakika 45 nyepesi. Alhamisi: dakika 15 za kupasha, mara 2 dakika 12 kwa mwendo wa kizingiti (maana yake iko hapa chini) zikitenganishwa na dakika 3 nyepesi, na dakika 10 za kupoa. Jumamosi: dakika 35 nyepesi, na humo ndani mikimbio mifupi 6 ya kasi ya sekunde 20, kila mmoja ukifuatwa na dakika nzima ya kupumua. Jumapili: mbio ndefu ya dakika 80. Jumatatu na Ijumaa ni za kupumzika.

Jumla ni dakika 260. Ukiacha ile mikimbio mifupi, zilizo ngumu kweli ni 39, yaani asilimia 15. Mgawanyo wa namna hiyo, takriban nne kwa moja au zaidi kwa upande wa wepesi, ndio unaoonekana kwa wanariadha wa mbio ndefu wa ngazi ya juu. Mbio nyepesi huongeza kapilari (mishipa midogo sana ya damu) kwenye misuli, mitokondria (sehemu zinazotengeneza nishati) ndani ya seli na ujazo wa damu, na gharama yake kwa mwili ni ndogo, hivyo unaweza kuzifanya nyingi. Mbio kali huinua kiwango cha juu cha oksijeni ambacho mwili unaweza kutumia, lakini gharama yake ni kubwa na mwili huhitaji kama saa 48 kabla ya nyingine.

Mwendo mwepesi ni ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukatiza ili uvute pumzi. Mwendo wa kizingiti ni ule ambao ungeweza kuushikilia kwa takriban saa moja ya mashindano. Hapo unaweza kutamka maneno matatu au manne tu kwa mkupuo. Mwendo mkali wa Jumanne ni ule ambao kipande cha tano kinaisha kwa kasi ile ile ya cha kwanza, na ukilazimishwa ungeweza kuongeza kimoja zaidi. Ukianguka kwenye kipande cha tatu, ulianza kwa pupa. Punguza kasi wiki ijayo, usipunguze idadi.

Kosa linaloharibu programu nyingi kuliko jingine lolote ni kukimbia siku nyepesi kwa mwendo wa kati. Mtu anahisi amefanya kazi ya maana, jasho limemtoka, lakini anafika Alhamisi miguu mizito na kizingiti kinamshinda. Mwendo huo wa kati humchosha karibu sawa na mgumu, na faida yake haizidi sana ya mwepesi. Ikiwa siku nyepesi hujisikii kwamba unajizuia, unakimbia haraka mno.

Mazoezi ya nguvu yawekwe mara mbili kwa wiki, dakika 30, ikiwezekana siku ile ile ya mbio kali na saa kadhaa baada yake, ili siku nyepesi zibaki nyepesi. Chuchumaa na uzito, nyanyua visigino, piga hatua ndefu mbele huku goti la nyuma likishuka. Seti 3 za marudio 5 hadi 8, uzito wa kutosha kufanya marudio mawili ya mwisho yawe magumu, mapumziko ya dakika 2 hadi 3. Hayaongezi pumzi, yanapunguza nguvu unayotumia kwa kila hatua, na yanakaza kano zinazounganisha msuli na mfupa. Kano na mifupa huzoea mzigo polepole kuliko moyo na mapafu. Hapo ndipo majeraha ya mwezi wa pili yanapozaliwa: pumzi imeshafika, miguu bado.

Kupima mzigo bila vifaa

Ndani ya nusu saa baada ya mazoezi, jiulize yalikuwa magumu kiasi gani kwa kipimo cha 0 hadi 10, kisha zidisha na dakika. Wiki ya mfano: Jumanne dakika 48 mara 7 ni 336, Jumatano 45 mara 3 ni 135, Alhamisi 52 mara 6 ni 312, Jumamosi 35 mara 3 ni 105, Jumapili 80 mara 4 ni 320. Jumla 1,208. Wiki inayofuata isizidi sana 1,330, yaani nyongeza ya kama asilimia 10. Asilimia hiyo ni tahadhari tu, wala si sheria ya maumbile, lakini anayeruka kutoka 1,200 hadi 1,800 kwa sababu alijisikia vizuri anacheza na jeraha.

Ongeza wiki tatu, ya nne punguza mzigo kwa kama asilimia 30. Mbio ndefu ianzie dakika 60 wiki ya kwanza na ifike dakika 100 hadi 110 wiki ya 9 au ya 10. Kuzidi hapo kwa ajili ya kilomita 21 kunachosha zaidi ya kunavyojenga.

Namba hiyo ina matumizi mengine. Mbio nyepesi ile ile iliyokuwa 3 ikianza kuonekana 5, na hujabadilisha kitu, jambo la kwanza la kutazama ni sahani na kitanda, kabla ya kulaumu programu.

Sahani ya kila siku

Wanga upimwe kwa kazi ya siku. Siku ya kupumzika au dakika 30 nyepesi: gramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya mwili. Siku ya mazoezi ya kama saa moja: gramu 5 hadi 7. Siku zenye saa moja hadi tatu za kazi: gramu 6 hadi 10. Mkimbiaji wetu wa kilo 60 atakula basi kama gramu 200 hadi 240 Jumatatu, 330 hadi 360 Jumanne, na 380 hadi 420 Jumapili. Tofauti kati ya Jumatatu na Jumapili ni karibu mara mbili, na anayekula kwa mazoea haigusi.

Ili gramu hizo ziwe chakula: gramu 100 za wali uliopikwa zina kama gramu 28 za wanga, viazi vya kuchemsha gramu 100 vina kama 18 hadi 20, ndizi mbivu ya wastani 27, kipande chembamba cha mkate 15, kijiko kikubwa cha asali 17, glasi ya maziwa ya mililita 250 kama 12. Pima kwa mizani wiki moja tu. Baada ya hapo jicho litajua.

Jumamosi jioni ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Mbio ndefu ya Jumapili asubuhi hutegemea akiba ya misuli, na akiba hiyo hujazwa saa 24 kabla. Kifungua kinywa hujaza zaidi ini, ambalo hupungukiwa usiku kwa kuwa hulisha ubongo wakati umelala. Anayekula kidogo Jumamosi akategemea chakula kizito cha alfajiri anaishia kuwa na tumbo lililojaa na miguu mitupu.

Protini ni gramu 1.2 hadi 2.0 kwa kilo kwa siku, lenga 1.6, yaani gramu 96 kwa kilo 60. Igawanye. Misuli huitumia vizuri zaidi ikipata takriban gramu 0.3 kwa kilo kila baada ya saa 3 au 4, kwa hiyo gramu 18 hadi 20 mara tano hujenga vizuri kuliko kipande kikubwa cha nyama usiku mmoja. Mayai matatu yana gramu 18. Glasi mbili za maziwa zina 16. Gramu 200 za maharage yaliyopikwa zina kama 17, na wanga juu yake. Asiyekula nyama anafika bila tatizo, ila atahitaji kula wingi zaidi na kuchanganya jamii ya kunde na nafaka.

Mafuta hayahesabiwi kwa ukali. Yachukue nafasi iliyobaki, bila kushuka chini ya asilimia 20 ya nishati yote kwa muda mrefu. Yaweke mbali na saa mbili au tatu kabla ya mazoezi makali, kwa sababu huchelewesha chakula kutoka tumboni.

Baada ya mazoezi, haraka inategemea zoezi lijalo. Ikiwa utakimbia tena ndani ya saa 8, kula gramu 1 hadi 1.2 za wanga kwa kilo kila saa kwa saa nne za kwanza. Ikiwa zoezi lijalo ni kesho, mlo wa kawaida wenye wanga na protini ndani ya saa mbili unatosha. Kukimbilia kinywaji cha unga dakika tano baada ya dakika 40 nyepesi ni kupoteza pesa.

Njaa inayojificha

Wapo wakimbiaji wanaofanya kila kitu sawasawa isipokuwa kimoja: hawali kiasi kinachotosha. Wengine wanataka kupungua uzito, wengine hawana habari, kwa sababu mazoezi makali huua hamu ya kula kwa saa kadhaa. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitolea hali hii tamko mwaka 2014, ikisisitiza kwamba inawapata wanaume pia.

Hesabu yake ni hii. Toa mafuta kwenye uzito wako upate uzito wa mwili usio na mafuta. Mtu wa kilo 60 mwenye asilimia 20 ya mafuta ana kilo 48. Mwili hufanya kazi zake zote vizuri ukibakiwa na takriban kilokalori 45 kwa kila kilo ya hizo, baada ya kuondoa zilizoteketea kwenye mazoezi. Chini ya 30, huanza kufunga baadhi ya huduma. Siku ya kilomita 12 mazoezi yanakula kama 720. Kula vizuri ni 48 mara 45, yaani 2,160, kujumlisha 720: kilokalori 2,880. Kushuka hadi 2,160 kwa jumla ya siku, kwa wiki kadhaa mfululizo, ni eneo la hatari, na kiasi hicho kwa macho ya wengi ni chakula cha kutosha kabisa.

Dalili huja kwa utaratibu wa kupotosha. Mwanzoni mtu anapungua uzito na anakimbia vizuri. Kisha mafua yasiyoisha, usingizi wa kukatika, hasira za karibu, mapigo ya moyo yasiyopanda kwenye vipande vikali. Mwanamke anaweza kukosa hedhi. Miezi mitatu bila hedhi ni sababu ya kwenda kwa daktari, wala si ishara ya kwamba mazoezi yanafanya kazi. Mwanaume huona hamu ya tendo la ndoa ikishuka. Mwisho mfupa unapata ufa: maumivu ya mahali pamoja, unaweza kuyagusa kwa ncha ya kidole, na yanaongezeka kadiri unavyokimbia. Hapo acha mbio siku hiyo hiyo ukapimwe. Anayelazimisha anageuza wiki sita za kupumzika kuwa miezi.

Madini ya chuma yanastahili kutajwa hapa kwa sababu upungufu wake hufanana na uchovu wa kawaida: pumzi fupi kwenye mlima uliokuwa mdogo, miguu isiyo na nguvu licha ya mapumziko. Wanawake wanaopata hedhi, wasiokula nyama na wanaokimbia kilomita nyingi wako kwenye hatari zaidi. Omba kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, pamoja na hemoglobini, kwa kuwa akiba hiyo inaweza kuisha wakati hemoglobini bado ni nzuri. Kula vyakula vya chuma pamoja na matunda yenye vitamini C. Chai na kahawa zikae mbali na mlo huo kwa kama saa moja. Usimeze vidonge vya chuma bila kipimo, kwa sababu chuma kikizidi mwilini kina madhara yake.

Maji, jasho na chumvi

Kiasi cha jasho hutofautiana sana kati ya mtu na mtu, kutoka chini ya nusu lita kwa saa hadi zaidi ya lita mbili. Ushauri wa jumla wa kunywa kiasi fulani haufai kwa yeyote. Jipime:

1. Kojoa, kisha jipime uzito bila nguo.
2. Kimbia saa moja kwa mwendo unaokaribia wa mashindano, katika joto linalofanana na la siku ya mbio. Andika ulichokunywa.
3. Jifute jasho lote, jipime tena bila nguo kabla ya kwenda haja.
4. Uzito uliopungua kwa kilo, jumlisha lita ulizokunywa: hilo ndilo jasho lako kwa saa.

Aliyetoka kilo 60.0 hadi 59.1 na kunywa lita 0.3 ametoa lita 1.2. Lengo ni kutopoteza zaidi ya asilimia 2 ya uzito, yaani kilo 1.2. Katika mbio za saa 1 na dakika 45 jasho litafika lita 2.1, hivyo anahitaji kunywa kama lita 0.9, takriban nusu lita kwa saa. Hakuna haja ya kurudisha tone kwa tone.

Kuzidisha ni hatari kubwa kuliko kupungukiwa kidogo. Anayekunywa zaidi ya jasho lake huzimua sodiamu ya damu. Kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa, na hali ikizidi ubongo huvimba. Wakimbiaji waliopimwa baada ya Boston Marathon ya mwaka 2002 walionyesha sodiamu ya chini kwa asilimia 13 kati yao, na kuongezeka uzito wakati wa mbio kulikuwa ndiyo alama kuu. Ukimaliza mbio ukiwa mzito kuliko ulivyoanza, umekunywa kupita kiasi.

Kinywaji cha kujitengenezea: lita 1 ya maji safi, gramu 60 za sukari, robo kijiko cha chai cha chumvi. Hapo kuna wanga wa asilimia 6 na sodiamu ya kama miligramu 600. Usizidishe sukari mpaka asilimia 10. Tumbo litachelewa kuitoa na utapata kichefuchefu. Baada ya mazoezi, kwa kila kilo iliyopungua rudisha lita 1.25 hadi 1.5 kwa saa chache zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi, la sivyo sehemu kubwa itaishia kuwa mkojo.

Tumbo nalo hufanyishwa mazoezi

Kwenye mbio zinazozidi saa moja, lenga gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Utumbo hufyonza glukosi kwa takriban gramu 60 kwa saa na si zaidi. Fruktosi hupita mlango mwingine, na kwa sababu hiyo mchanganyiko wa viwili unaweza kufika 90 kwenye mashindano marefu kupita saa mbili na nusu. Sukari ya kawaida ni nusu glukosi na nusu fruktosi, hivyo inafaa.

Utumbo usiozoea utakataa siku ya mashindano. Kuanzia wiki ya 4, kila mbio ndefu, anza na gramu 30 kwa saa: nusu lita ya kinywaji kile, au pakiti moja ya jeli ya wanga ya wakimbiaji baada ya kusoma lebo, iteremshwe kwa maji. Kila wiki mbili ongeza gramu 10. Anza kula dakika ya 25 hadi 30, kabla hujahisi haja. Kichomi na tumbo kujaa gesi mara nyingi hutokana na kunywa mkupuo mkubwa. Kunywa mafunda mawili matatu kila dakika 10 hadi 15. Kuharisha katikati ya mbio mara nyingi kunaanzia jana yake: maharage, mboga nyingi za majani, matunda na maganda yake. Saa 24 kabla ya mashindano punguza hivyo vyote.

Wiki mbili za mwisho

Hapa watu hupoteza kazi ya miezi kwa wasiwasi. Punguza dakika za mazoezi kwa asilimia 40 hadi 60 katika wiki hizo mbili, lakini acha kasi na idadi ya siku karibu vile vile. Jumanne ya mwisho iwe vipande 3 badala ya 5, kwa mwendo ule ule. Anayepunguza kasi anafika mzito. Anayeongeza mbio ndefu ya kujihakikishia siku 7 kabla anafika mchovu, na hakuna uwezo mpya utakaopatikana kwa muda huo.

Usipunguze chakula eti kwa kuwa mazoezi yamepungua. Kwa mbio utakazozikimbia zaidi ya dakika 90, kula gramu 10 hadi 12 za wanga kwa kilo kwa siku katika saa 36 hadi 48 za mwisho. Anayemaliza chini ya hapo anatosheka na siku moja ya gramu 7 hadi 10. Gramu 600 kwa siku ni zaidi ya kilo 2 za wali, jambo ambalo wachache wanaliweza, kwa hiyo tumia juisi, mkate mweupe, jamu na asali, ugawanye kwenye milo sita. Mizani itapanda kilo moja au mbili kwa sababu kila gramu ya glikojeni hukaa na kama gramu 3 za maji. Ni uzito unaoutaka.

Siku ya mbio

Muda wa saa 3 kabla, kula gramu 2 za wanga kwa kilo: vipande 4 vya mkate, vijiko vikubwa 2 vya asali na ndizi moja ni kama gramu 120. Kunywa mililita 5 hadi 10 kwa kilo, yaani mililita 300 hadi 600, kisha acha mkojo ukuambie. Rangi ya njano hafifu inatosha. Anayetumia kahawa anaweza kupata miligramu 3 za kafeini kwa kilo, takriban 180, dakika 60 kabla. Shirika la kupambana na dawa za kusisimua michezoni, WADA, liliiondoa kafeini kwenye orodha ya marufuku mwaka 2004, na faida yake imethibitika, lakini iwe imejaribiwa mazoezini. Virutubisho vingine vya kopo vyenye orodha ndefu ya viambato viache. Baadhi hubeba vitu vilivyokatazwa visivyoandikwa kwenye lebo, na mwanariadha ndiye anayewajibika.

Usimeze ibuprofeni kabla au wakati wa mbio. Ikichanganyika na joto na upungufu wa maji hubana figo na kuumiza utando wa utumbo.

Kilomita tatu za kwanza ziende sekunde 5 hadi 10 polepole kuliko mwendo wa lengo kwa kila kilomita. Mwendo wa kasi mno mwanzoni huteketeza wanga ambao hutaurudisha kwa jeli yoyote. Kutoka ya 4 hadi ya 16 shikilia lengo, kula kwa saa uliyoizoea, hata kama unajisikia huna haja. Baada ya hapo kimbia kwa kilichobaki.

Ukimaliza, tembea dakika 10, kunywa kidogo kidogo, na ndani ya saa mbili upate mlo kamili wenye protini gramu 20 na wanga wa kutosha. Siku tatu za mwanzo usikimbie. Tembea au endesha baiskeli taratibu. Siku ya nne jaribu dakika 20 nyepesi, na ikiwa kushuka ngazi bado kunauma mapajani, ziahirishe mpaka maumivu yaishe. Vipande vikali vingoje mpaka wiki ya tatu.